Mali Kauli: Pale Mlipokaa Kimya, Sheria Inasema Nini?

Leo tunazungumzia sheria ya biashara, na tutaanzia sokoni kabla ya kufika mahakamani. Watu wengi wakisikia sheria ya biashara wanawaza makampuni makubwa, benki, bandari, na mawakili waliovaa majoho. Mwenye duka la mtaani, anayeuza sabuni na mafuta ya kupima, anaona hayo hayamhusu. Leo nataka kulipinga wazo hilo, tena kwa nguvu, kwa sababu limewala watu mitaji. Limewagombanisha watu waliokuwa wakiaminiana miaka na miaka, na mara nyingi ugomvi wenyewe ungezuiwa na sentensi mbili tu zilizosemwa mapema.

Tuchukue biashara ambayo kila mfanyabiashara wa Tanzania anaijua, iwe katika soko la Kariakoo, Mwanjelwa au Kirumba: mali kauli. Muuzaji wa jumla anampa mwenye duka la rejareja katoni 30 za sabuni. Hakuna hela iliyotoka. Wameongea, wamecheka, wameulizana habari za watoto, mzigo umepakiwa kwenye guta, guta limeondoka. Ukilifungua daftari la muuzaji, lile lenye jalada gumu linalokaa chini ya kaunta, utakuta jina la mteja kwa kifupi, halafu "sabuni ktn 30", halafu bei, halafu neno moja: "Ijumaa". Ijumaa ipi, haijaandikwa. Sahihi ya mteja haipo. Upande wa pili, mwenye duka hana hata kipande cha karatasi.

Je, hapo pana mkataba? Wengi watakujibu hapana, maana hawajaandikishana. Sheria inajibu kwamba mkataba upo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, Sura ya 345, inasema katika kifungu cha 10 kwamba makubaliano ni mkataba ikiwa wenye kukubaliana wamefanya hivyo kwa hiari yao, wana uwezo wa kuingia mkataba, kuna kitu halali kinachotolewa kwa kubadilishana na kingine, na lengo lenyewe ni halali. Uwezo maana yake mtu awe ametimiza miaka 18, awe na akili timamu, na asiwe amezuiwa na sheria. Hakuna muhuri hapo, hakuna wakili. Maandishi yanahitajika pale tu ambapo sheria nyingine imeyataka, kama kwenye mambo ya ardhi. Kwa hiyo ile kauli iliyotolewa pale kaunta, habari za watoto zikiulizwa, ni mkataba kamili.

Kuna sharti moja ambalo lazima nilitaje. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo imefuata kwa karibu sana sheria ya Waingereza ya mwaka 1893, ilisema mauziano ya bidhaa yenye thamani ya shilingi 200 au zaidi hayawezi kudaiwa mahakamani mpaka moja ya mambo haya liwepo: mnunuzi amekubali na kupokea angalau sehemu ya bidhaa, au amelipa kiasi, au ametoa arubuni, au pana maandishi yenye sahihi ya yule anayedaiwa. Shilingi 200 hizo zilitoka kwenye pauni 10 za Uingereza, enzi ambazo pauni moja ilikuwa shilingi 20. Wakati huo zilikuwa pesa ya maana. Leo hununui chapati kwa shilingi 200. Waingereza wenyewe walilifuta sharti lao mwaka 1954, sisi tukaendelea nalo kana kwamba shilingi haijawahi kushuka. Kenya nayo imelibeba katika sheria yake ya uuzaji wa bidhaa, kwa kiwango hicho hicho. Lakini angalia jambo moja: kwenye mali kauli mzigo umeshapokelewa. Guta limeshaondoka. Sharti limetimia lenyewe, na aliyechukua mzigo hawezi kujificha nyuma ya kukosekana kwa karatasi.

Basi kama mkataba upo, ugomvi unatoka wapi? Unatoka kwenye yale ambayo hayakusemwa. Na hapa ndipo penye jambo ninalotaka msikilizaji uondoke nalo. Kazi kubwa ya sheria ya biashara, siku hadi siku, ni kujaza nafasi ambazo wafanyabiashara wameziacha wazi. Adhabu na kesi zinakuja baadaye sana, na kwa wachache. Mkiafikiana jambo halali, sheria inawafuata nyinyi. Mkikaa kimya, sheria inasema kwa niaba yenu, na ina majibu yake tayari, yaliyotungwa zamani, na huenda yasifanane hata kidogo na uliyokuwa ukiyafikiria moyoni.

Turudi kwenye zile katoni 30. Zimefika dukani. Jumatano usiku duka linaungua. Sabuni yote imekwisha. Ijumaa muuzaji wa jumla anapiga simu kudai chake. Mwenye duka anasema, "Kaka, si umesikia yaliyonikuta? Mali yako iliungua." Muuzaji anajibu, "Mali yangu kivipi? Nilikuuzia." Nani ana haki?

Inategemea mali kauli yao ilikuwa ya namna gani, maana ndani ya maneno hayo mawili kuna mikataba mitatu tofauti, na wafanyabiashara wetu wanaichanganya kila siku. Ya kwanza ni kuuziana kwa mkopo. Bidhaa imekuwa yako tangu siku ile, umebaki unadaiwa bei tu. Ikiungua, imeungua ya kwako, na deni liko palepale. Ya pili ni ile ya "chukua, zikikufaa baki nazo, zisipokufaa nirudishie". Hapo bidhaa inabaki ya mwenyewe mpaka utakapoonyesha kwamba umeikubali, au utakapofanya jambo la mwenye mali, kama kuiuza, au utakapokaa nayo kupita muda mliopatana, na kama hamkupatana muda, kupita muda unaofaa. Ya tatu ni uwakala: unaniuzia, unachukua kamisheni yako, unaniletea changu. Wakala si mwenye mali. Ikiungua bila uzembe wake, hasara ni ya aliyempa.

Mikataba mitatu, majibu matatu, na pale kaunta hakuna aliyesema ni upi. Kesi ikifika mbele, hakimu hana njia ya kuingia mioyoni mwao. Atauliza: bei ilipangwa siku ileile? Mwenye duka alikuwa huru kuuza kwa bei yoyote aitakayo na faida yote ikawa yake? Mzigo uliododa alikuwa akiurudisha au akibaki nao? Mara zilizopita walifanyaje? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayotaja jina la mkataba wao, hata kama wao wenyewe hawakuwahi kuupa jina. Mara nyingi mwenye duka atajikuta amenunua, na anadaiwa mali ambayo imeshakuwa majivu.

Nalikazia jambo hili la nani anabeba hasara kwa sababu sisi ni watu tulioona moto. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua, na kila aliyekuwa na mali mle anajua asubuhi yake ilivyokuwa. Sasa fikiria mnunuzi kutoka mkoani. Mchana amefika sokoni, soko lolote lile, amechagua magunia 20 ya karanga. Yamepimwa, yamesogezwa karibu na mlango, yameandikwa jina lake kwa makapeni nyekundu. Bei imekubaliwa. Akasema, "Kesho naja na gari, nalipa nachukua." Usiku soko likaungua. Watu wengi wataapa kwamba hasara ni ya mwenye stoo, maana hela haijatoka na mzigo haujatoka. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ina mtazamo mwingine. Bidhaa mahususi, inayojulikana ni hii hapa na iko tayari kukabidhiwa, umiliki wake unahama pale mnapokubaliana, hata kama malipo na kuchukua vimepangwa kesho, isipokuwa kama mlikusudia vingine. Na hasara humfuata mwenye mali. Yale magunia yenye jina lake yameungua yakiwa yake.

Badilisha jambo dogo tu. Mnunuzi hakuchagua magunia. Alisema, "Nitengee 20 kati ya hayo 200," na mwenye stoo akasema ataagiza vijana wayatoe kesho. Hapo hakuna gunia hata moja linaloweza kuonyeshwa kwa kidole kwamba ni la mnunuzi. Umiliki haujahama, hasara ni ya mwenye stoo. Badilisha tena: magunia yameshatengwa, ila yanasubiri mizani ili bei ijulikane, na anayetakiwa kupima ni muuzaji. Umiliki nao unasubiri mizani hiyo, na unasubiri mnunuzi aarifiwe. Kwa hiyo makapeni ya jero na mizani ya stoo vinaweza kuamua nani anafilisika. Na haya yote yangekwepwa kwa sentensi moja: "Mzigo ni wako ukishautoa hapa," au "Mzigo ni wako kuanzia sasa, nakutunzia tu." Sheria inawaruhusu kuchagua, na ikisikia chaguo lenu inalifuata.

Muuzaji wa mali kauli naye ana sentensi yake ambayo wengi hawajui kwamba wanaruhusiwa kuisema: "Mzigo utaendelea kuwa wangu mpaka utakapomaliza kulipa." Ikisemwa kabla mzigo haujaondoka, na ikathibitishika, inampa nguvu ya kuyafuata maboksi yaliyobaki dukani badala ya kupanga foleni na wadai wengine. Haimruhusu kumvamia mteja aliyekwishanunua mche wa sabuni kwa nia njema na kwenda zake nyumbani. Huyo sheria inamlinda. Na hawezi kubeba yote mawili, kuwa mwenye mali na kuikwepa hasara. Akisema mzigo ni wake, ukiungua ni wake, isipokuwa kama wamepatana vingine.

Tuje kwenye kitu kingine ambacho hunyamaziwa: kipimo. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mikataba kinasema watu wamekubaliana pale wanapokubaliana juu ya kitu kilekile kwa maana ileile. Sasa mkulima wa viazi wa Njombe au wa vitunguu wa Mang'ola anauza "gunia". Mnunuzi naye ananunua "gunia". Lakini mnunuzi amekuja na gunia lenye kichwa, limeshonewa wavu juu, limevimba, lile tunaloliita lumbesa. Mkulima alikuwa na gunia moja kichwani, mnunuzi lingine. Lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiifuatilia kwa miaka, lakini inaendelea kwa sababu mkulima yuko shambani peke yake, mazao yanaoza, na gari la mnunuzi limewasha injini. Hapa sina maneno ya kupamba: huu ni unyang'anyi unaovaa nguo ya biashara. Kuuza kwa kilo, mbele ya mizani iliyokaguliwa, ndiko kunakofanya neno la mkulima na neno la mnunuzi liwe na maana moja.

Nakwenda kwenye lile tangazo. Unalijua, limebandikwa ukutani kwenye duka la vifaa vya ujenzi, duka la simu, duka la nguo: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Wateja wanalisoma wanainamisha kichwa, kana kwamba limetoka bungeni. Tulipime. Umenunua shati la bluu, umefika nyumbani umeona afadhali lingekuwa jeupe. Hapo tangazo lina haki, sheria haimlazimishi mtu kukubadilishia kwa sababu moyo wako umebadilika. Lakini umeingia dukani ukasema, "Nataka rangi ya kupaka ukuta wa nje, unaopigwa na mvua." Muuzaji, ambaye kazi yake ni kuuza rangi, amekuchagulia ndoo, wewe umemwamini. Masika ya kwanza rangi imebanduka yote, kumbe alikupa ya ndani. Kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ulipomweleza kazi ya ile rangi na ukategemea ujuzi wake, tayari alikuahidi kwamba itaifaa kazi hiyo. Hakuitamka ahadi hiyo. Sheria imeitamka kwa niaba yake. Vilevile ukinunua kwa maelezo, bidhaa lazima ilingane na maelezo. Ukinunua kwa sampuli, mzigo wote lazima ufanane na sampuli. Na anayekuuzia simu anaahidi, hata asipofungua mdomo, kwamba ana haki ya kuiuza. Ikibainika ni ya wizi, mwenyewe ataichukua, na wewe unamgeukia aliyekuuzia akurudishie hela yako.

Muuzaji atasema: lakini sheria hiyohiyo inaturuhusu kupatana vingine, na tangazo langu ndilo mapatano. Ni hoja yenye uzito, na tusiibeze. Ila mapatano lazima yawe yamejulikana kabla ya kununua. Maneno yaliyochapwa chini ya risiti, ambayo mteja anaipata hela ikiwa imeshaingia kwenye droo, yamechelewa. Halafu kuna sheria za kumlinda mlaji zilizokuja baadaye: kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, na kwa majirani zetu Kenya sheria yao ya ulinzi wa mlaji ya mwaka 2012. Mwelekeo wa sheria hizo ni mmoja: muuzaji asipewe njia rahisi ya kumtupia mlaji bidhaa mbovu. Na mteja naye ana wajibu. Kama ulipewa nafasi ya kukagua bidhaa ukaikagua, kasoro ambayo jicho lako lilipaswa kuiona huwezi kuilalamikia kesho. Washa simu palepale. Fungua boksi. Gonga kigae usikie mlio wake.

Najua kuna msikilizaji anayesema moyoni: haya ya kuandikishana ni ya Wazungu, sisi tunaaminiana. Ndugu yangu, tuitazame historia ya pwani hii. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa misafara waliochukua vitambaa, shanga na nyaya za shaba kutoka Zanzibar kwenda bara, hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hawakuwa na fedha za kununulia bidhaa hizo mifukoni. Walichukua kwa mkopo, wakalipa kwa pembe za ndovu waliporudi, na misafara hiyo, msikilizaji, ilibeba pia biashara ya watumwa ambayo hatuwezi kuisahau. Tippu Tip, mmoja wa wafanyabiashara hao, alipewa mtaji na tajiri wa Kihindi, Taria Topan. Ilikuwa mali kauli ya safari ya miaka. Na madeni ya aina hiyo yaliandikwa, kwenye waraka wenye majina, kiasi, muda na mashahidi. Mashamba ya karafuu yaliwekwa rehani kwa hati. Kwa Waislamu wa pwani hilo halikuwa jambo geni kabisa: aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni la muda maalumu na kuweka mashahidi, deni dogo na kubwa. Babu zetu waliokuwa wakiaminiana kwa safari zisizo na simu waliandikishana. Nao ndio waliotuachia msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata Sheria ya Mikataba yenyewe imetembea katika bahari hiyohiyo. Chimbuko lake ni sheria ya India ya mwaka 1872, ambayo Waingereza waliitumia Zanzibar na baadaye Tanganyika. Mwaka 1961 Tanganyika ikaiandika upya kama sheria yake, ikifuata mkondo uleule, wakati Kenya iliiacha ile ya India ikachukua kanuni za Kiingereza. Ndiyo maana wakili wa Dar es Salaam bado anafungua vitabu vya kesi za India anapotafuta maana ya kifungu.

Na leo kuandika kumekuwa rahisi kuliko wakati wowote. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki, na inaeleza namna zinavyopokelewa mahakamani kama ushahidi. Kwa hiyo mzigo ukiondoka, tuma meseji: "Nimekupa leo katoni 30 za sabuni, kila moja bei hii, jumla kiasi hiki, unalipa kufikia tarehe fulani, zisizouzika unarudisha au hurudishi." Naye ajibu: "Nimepokea, sawa." Meseji mbili. Zina tarehe, zina namba, zina idadi na bei. Usizifute. Ujumbe wa muamala wa simu nao ni shahidi mzuri, ila una udhaifu mmoja: unasema hela imetoka kwa nani kwenda kwa nani, hausemi ni ya nini. Malipo ya mzigo wa zamani na malipo ya mzigo mpya yanafanana. Andika ni ya nini.

Sasa swali ambalo watu hulisahau kabisa: ni nani aliyeahidi? Mtu amekwenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, amesajili jina la biashara, ametengeneza muhuri na bango zuri. Anaamini kwamba deni la biashara ni la biashara, nyumba yake iko salama. Si kweli. Jina la biashara ni jina tu. Nyuma yake uko wewe, na deni ni lako, mpaka pikipiki na kiwanja. Kampuni ndiyo tofauti. Jambo hili liliwekwa wazi London mwishoni mwa mwaka 1896, katika kesi ya mtengeneza viatu aitwaye Aron Salomon, ambaye alisajili kampuni akiwa yeye, mkewe na watoto wao watano, hisa karibu zote zikiwa zake. Kampuni ilipofilisika, wadai walitaka alipe kutoka mfukoni mwake, na mahakama mbili zikakubaliana nao. Ngazi ya juu kabisa, Baraza la Malodi, ikasema hapana: kampuni iliyosajiliwa kihalali ni mtu mwingine mbele ya sheria, ina mali yake na madeni yake. Kanuni hiyo iko nasi mpaka leo. Lakini usiitegemee ukiwa unatoa hela ya kampuni kulipa ada ya mtoto bila kumbukumbu, au umefungua kampuni ili ukimbie wadai. Mahakama zetu hulifunua hilo pazia na kumfuata mtu aliyejificha nyuma yake. Na wewe unayetoa mzigo, kabla hujaupakia, uliza: anayechukua mzigo huu ni mtu, ni jina la biashara, au ni kampuni? Andika jibu.

Mambo yakiharibika, wafanyabiashara wetu wengi hukimbilia polisi. Mdaiwa anawekwa ndani Ijumaa jioni, ndugu wanachangishana, deni linalipwa, kila mtu anasema njia hiyo inafanya kazi. Mimi naipinga. Kushindwa kulipa deni si kosa la jinai. Kujipatia mali kwa udanganyifu, yaani kudanganya tangu mwanzo ili upewe mzigo, hilo ni kosa, na polisi wana kazi nalo. Lakini mama ambaye duka lake limeungua hakumdanganya mtu, na kumlaza mahabusu ni kumwonea. Njia ya anayemdai ni kesi ya madai, na kwa madeni ya kawaida Mahakama ya Mwanzo ipo, inaendeshwa kwa Kiswahili tangu zamani. Kwa migogoro mikubwa ipo Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu, iliyoanzishwa mwaka 1999 ili kesi za kibiashara zisioze makabatini.

Lakini usikae sana. Madai yatokanayo na mkataba yana ukomo wa miaka 6 kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Muda huo ukipita, una haki kamili na hakuna mahakama ya kuisikiliza. Kama mdaiwa atakulipa sehemu, au atakiri deni kwa maandishi na kutia sahihi kabla muda haujaisha, hesabu inaanza upya. Ndiyo sababu barua fupi yenye maneno "nakiri kudaiwa kiasi hiki" ina thamani kuliko ahadi nyingi za simu.

Nina dai moja kwa wenye mamlaka. Kwa miongo mingi sheria hizi zilikaa kwa Kiingereza, zikimhukumu muuza dagaa wa Kirumba kwa lugha asiyoisoma. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikatamkwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua kubwa. Lakini sheria ya uuzaji wa bidhaa kwa Kiswahili ikibaki kwenye maktaba za wanasheria, muuza dagaa hajapata kitu. Kila ofisi ya soko inayotoza ushuru asubuhi iwe na nakala mezani, mtu yeyote aombe aisome, na ofisa wa biashara wa halmashauri awe tayari kuifafanua bila malipo. Ushuru wanaoulipa wafanyabiashara unatosha kwa hilo.

Wiki ijayo, msikilizaji, saa kama hii, tutazungumza habari ya mdhamini. Kwa Sheria ya Mikataba mzigo wa mdhamini unalingana na wa mdaiwa mwenyewe, isipokuwa mkataba useme vingine, na mdai anaweza kukufuata wewe hata kabla hajamshtaki aliyekopa. Kama kuna fomu ya udhamini uliyotia sahihi kwa ajili ya shemeji, kwa ajili ya kikundi cha VICOBA, au kwa rafiki wa kazini, itafute wiki hii, isome, na uwe nayo karibu tutakapokutana.